Neno, Kishindo na Jirani

Kpandroma ni senta ya biashara kwenye nyanda za juu za teritware ya Djugu, mkoani Ituri, jirani na misheni ya zamani ya Rethy. Vyombo vya umeme vinavyouzwa pande hizo hupita njia mbili: ama vinapanda kutoka Bunia, ama vinavuka mpaka wa Uganda pale Goli na kuingia Mahagi, vimefungwa juu ya lori pamoja na magodoro na sabuni. Siku hizi, kando ya bafle na sabufa zilizozoeleka, kuna saundibaa, lile boksi refu jembamba la kuwekwa chini ya televisheni bapa. Swali la kwanza la mnunuzi ni lilelile kutoka Mahagi hadi Mbeya: "Hii iko na wati ngapi?" Muuzaji naye hakosi jibu. "Mama, hii ni elfu moja. Inapiga mpaka kwa jirani."

Hiyo ni lugha ya biashara, na hakuna wa kumlaumu. Lakini ndani ya jibu hilo mna maswali mawili yaliyowanyima usingizi watu wa dini kwa zaidi ya miaka 1,600: sauti ni ya kazi gani, na ni ya nani?

Aliyeliuliza la kwanza kwa uchungu kuliko wote alikuwa Mwafrika. Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akawa askofu wa Hippo. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake anajichunguza hisi moja baada ya nyingine, na anapofika kwenye masikio anakwama. Alipenda zaburi zikiimbwa vizuri. Zilikuwa zimemliza alipoongoka. Akagundua kwamba kuna siku uimbaji ulimgusa kuliko lile lililokuwa likiimbwa, na siku hiyo akajihesabu mkosaji. Akamkumbuka Athanasi wa Aleksandria, ambaye inasimuliwa kwamba alimtaka msomaji wa zaburi apandishe na kushusha sauti kidogo mno, hata isikike kama kusema kuliko kuimba. Agostino hakufika huko. Aliyumba pande zote mbili, mwisho akakubali nyimbo zibaki kanisani ili roho dhaifu zipate kuinuliwa na utamu wa sauti. Lakini hofu yake hakuifuta.

Hofu hiyo ina nafasi yake dukani. Sauti ya televisheni ina sehemu mbili ambazo mashine inaweza kuzipendelea au kuzionea: kuna neno, na kuna kishindo. Mnunuzi asipojua anataka ipi, muuzaji atamchagulia, na muuzaji huchagua kishindo, kwa sababu ndicho kinachosikika barabarani.

Sayansi ya sikio inamuunga mkono Agostino kwa namna ambayo asingeitarajia. Mtu anaposema, nguvu nyingi ya sauti yake iko kwenye irabu, na sehemu yake kubwa iko chini ya hezi 1,000. Konsonanti kama s, t, f na ch ni hafifu, na ziko juu zaidi, kati ya hezi 2,000 na 8,000 hivi. Kwa hiyo kinachosikika kwa mbali ni irabu, lakini kinachotenganisha neno na neno ni zile konsonanti dhaifu. Mchungaji anasema "soma", bibi aliyeketi nyuma anasikia "choma", na mjukuu wake anasikia "koma". Wote watatu wako kwenye ibada moja. Umri nao unazidisha mambo, maana sikio la mzee hupoteza kwanza zile sauti za juu. Bibi akilalamika kwamba watu wa kwenye televisheni wanamung'unya maneno, asionekane msumbufu. Anaeleza hali yake kwa usahihi kuliko daktari.

Televisheni bapa inamwonea zaidi. Ule wembamba uliowafurahisha wanunuzi uliondoa nafasi ya spika. Zilizobaki ni ndogo, na mara nyingi zinaelekezwa chini au nyuma, ukutani, kana kwamba msikilizaji anakaa huko. Ongeza nyumba yenye paa la mabati na mvua ya saa kumi jioni inayojulikana na kila anayeishi kwenye nyanda hizo. Mvua juu ya bati hutoa kelele zilizoenea juu na chini, na zinachomeza kwanza ni konsonanti. Hapo mtu hushika rimoti na kuongeza sauti, irabu zinavimba, na maneno bado hayaji.

Saundibaa iliyotengenezwa vizuri inajibu tatizo hilo kwa spika ya katikati. Kwenye maandishi ya boksi, 2.0 maana yake ni kushoto na kulia tu, 2.1 ni hizo mbili pamoja na sabufa; 3.1 inaongeza ya katikati, na katika filamu nyingi mazungumzo hupangwa kupita hapo. Nyingine zina kitufe cha kukuza usemi, ambacho hupandisha masafa ya konsonanti na kuacha mngurumo ulipo. Kwa nyumba inayotaka habari na mahubiri, namba hiyo ya 3 ina thamani kuliko wati elfu moja.

Na hizo wati zenyewe! Watu wengi wanadhani wati 500 zina sauti mara mbili ya wati 250. Sivyo. Kuongeza nguvu mara mbili huleta desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, nguvu inahitajika kama mara 10. Zaidi ya hapo, namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi la bei nafuu mara nyingi ni ya kile kinachoitwa PMPO, kipimo kisicho na kanuni inayoheshimiwa, kinachohesabu cheche ya nukta moja. Namba yenye adabu ni ya RMS, nayo huandikwa kwa herufi ndogo kama ipo. Amri ya kutoshuhudia uongo haikutaja maboksi ya vyombo vya muziki, lakini ingeweza.

Mwaka 2020 suala hili lilitoka dukani likaingia ibadani. Tarehe 18 Machi mwaka huo Rais Félix Tshisekedi alitangaza hatua za kuzuia korona, na makanisa na misikiti ya Kongo ikafungwa hadi katikati ya Agosti. Miezi hiyo yote, mwenye redio au televisheni alikuwa amebeba jukumu ambalo zamani lilikuwa la mzee wa kanisa: kuhakikisha watu wanasikia. Pande za Rethy jambo hilo lina uzito wake. Africa Inland Mission iliingia kaskazini-mashariki mwa Kongo mwaka 1912, na kanisa lililotokana nayo, CECA 20, ni kanisa la mahubiri, la Biblia iliyofunguliwa magotini. Paulo anawaeleza Warumi, katika sura ya kumi, kwamba imani inatokana na kusikia. Akichukuliwa kwa uzito, basi spika mbovu si tatizo la starehe peke yake. Mtu aliyekaa saa mbili mbele ya mahubiri asiyoyaelewa amehudhuria, lakini je, amesikia?

Hapa inafaa kumwalika mwanachuoni mwingine, huyu wa Kiislamu. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya kazi yake kubwa, Ihya, kuzungumzia kusikiliza. Hakuharamisha sauti nzuri moja kwa moja, wala hakuifungulia mlango wote. Hoja yake ni kwamba sauti haileti moyoni kitu kipya, inachochea kilichokuwamo. Naye anaurejea msemo wa Junayd, Sufi wa Baghdad, kwamba kusikiliza kunahitaji vitu vitatu: wakati wake, mahali pake na watu wake. Ni vigumu kupata mwongozo bora wa kununua saundibaa ulioandikwa kabla ya umeme. Wati ngapi ni swali la chombo. Lini, wapi na pamoja na nani ni maswali ya nyumba.

Tuchukue lile la watu. Yule muuzaji aliyesema "inapiga mpaka kwa jirani" alisema kweli, ila hakusema ni nini kinachofika kwa jirani. Masafa ya chini hupenya kuta kirahisi. Ya juu huzuiliwa na tofali, pazia, hata mlango wa mbao. Kwa hiyo sabufa inapowekwa sauti ya juu, mwenye nyumba anapata wimbo mzima, na jirani anapata dundo tupu. Anasumbuliwa na injili bila kuhubiriwa. Kama nia ilikuwa ni kumshirikisha neema, chombo kimempelekea makapi.

Serikali za ukanda huu zimeligusa jambo hilo kwa sheria. Uganda ilitunga kanuni za kelele mwaka 2003, Kenya mwaka 2009. Rwanda ilikwenda mbali zaidi: mwanzoni mwa 2018 zaidi ya makanisa 700 yalifungwa Kigali kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele, na Machi mwaka huohuo misikiti ya wilaya ya Nyarugenge ikazuiwa kuadhini kwa vipaza sauti. Wengi waliona ni uonevu dhidi ya dini. Lakini mwaka 2021 Saudi Arabia yenyewe, nchi ya Makka na Madina, iliagiza vipaza sauti vya nje vya misikiti vitumike kwa adhana na ikama tu, tena visizidi theluthi moja ya nguvu yake. Hapo hoja ya uonevu wa dini inapungua makali.

Maandiko yenyewe hayakuwahi kuwa upande wa kelele. Sura ya 17 ya Kurani, aya ya 110, inamtaka mwenye kuswali asipaze sana wala asinong'one, atafute njia ya kati. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, Eliya anawadhihaki manabii wa Baali kwa kuwahimiza wapige kelele zaidi, pengine mungu wao amelala. Sura inayofuata, Mungu wa Eliya hayumo katika upepo wala tetemeko wala moto, anakuja katika sauti ndogo. Mhubiri anayefungua spika mpaka mabati yatetemeke anajua hadithi hiyo kwa moyo. Jambo la ajabu ni kwamba haimzuii.

Djugu ina sababu yake nyingine ya kuogopa kelele, na si ya kitheolojia. Tangu mwisho wa 2017 teritware hiyo imepitia mashambulizi ya wanamgambo, CODECO wakiwa mashuhuri kati yao, na Mei 2021 Ituri yote iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, karibu na Bule, ilivamiwa na watu wapatao 60 wakauawa. Katika nchi ya namna hiyo, usiku masikio yana kazi ya nje kabla ya kazi ya ndani: mbwa wa jirani, pikipiki inayokuja bila taa, mlio ambao si radi. Nyumba iliyojaa mngurumo wa sabufa imejiziba masikio. Ule wakati wa Junayd hapa si neno la kifalsafa. Chombo kinachoruhusu kusikia maneno vizuri kwa sauti ya chini kina faida ambayo hakuna mtengenezaji wa Seoul au Tokyo aliyeifikiria alipokuwa akipanga vitufe.

Kuna swali la tatu, gumu zaidi: je, chombo hicho kinasema kweli? Sehemu kubwa ya kazi ya saundibaa ni kulidanganya sikio. Yamaha, katika miaka ya 2000, ilitengeneza YSP-1, boksi lenye spika ndogo 40, ambalo lilirusha sauti kwenye kuta ili zirudi na kumfanya mtu aamini kuna spika nyuma yake. Dolby Atmos, iliyoanza kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 na filamu ya Brave, ilipoletwa nyumbani ilipata spika zinazotazama juu, zikitupa sauti kwenye dari ili mvua ya filamu ionekane kuanguka kutoka mbinguni. Mtu mkali angesema ni sanamu ya kuchonga kwa masikio.

Angekuwa amekosea, kwa sababu sikio halijawahi kuwa shahidi asiye na doa. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo limerudiwa mara nyingi: mtu akisikia "ba" huku akitazama midomo inayotamka "ga", wengi husikia "da", silabi ambayo haikutamkwa na yeyote. Macho yanasikia pia. Ndiyo maana msomaji wa habari anaonekana kusema kwa kinywa chake ilhali sauti inatoka kwenye boksi lililo chini ya meza. Akili imeyaunganisha, na hakuna aliyetapeliwa, kwa sababu maneno ni yaleyale. Udanganyifu unaokaribia uongo ni ule unaofuta maneno ili kuacha kishindo, au ule wa namba za boksi. Kwa upande wa Kpandroma, bahati njema, Atmos inajiondoa yenyewe: inataka dari bapa na gumu. Chini ya mabati yasiyo na dari, yenye mbao na mteremko, sauti hutupwa juu na kupotelea huko. Kulipia spika za kutazama juu katika nyumba kama hiyo ni kulipia mbingu ambayo haitashuka.

Midomo na sauti, hata hivyo, zinaweza kuachana. Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na televisheni isipofidia, mchungaji anafunga mdomo halafu amina ndiyo inafika. Waya unaondoa aibu hiyo: HDMI yenye alama ya ARC, iliyokuja mwaka 2009, au waya wa mwanga kwa televisheni za zamani.

Sasa, haki ya upande wa pili. Mtu angeweza kusoma yote haya akadhani kishindo ni cha shetani, na hapo Kongo nzima itasimama kumpinga. Mwaka 1958 kwaya ya Kamina chini ya padri Guido Haazen iliimba Missa Luba kwa ngoma na kwa mitindo ya nyumbani. Mwaka 1988 Vatikani iliidhinisha misale ya Kirumi kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ambamo waamini hucheza na mapadri huzunguka altare kwa mdundo. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliadhimisha misa kwa taratibu hizo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro. Ngoma pale haipambi neno. Ni sehemu ya namna neno linavyopokelewa, kwa miguu na mabega. Spika ya televisheni bapa, ndogo kama kifuniko cha chupa, inaua ngoma ya kwaya kabisa: kinachobaki ni tiki-tiki ya vijiti. Mwenye kupenda kwaya ana haki ya sabufa yake. Athanasi asingekubali. Agostino angekubali huku ameinamisha kichwa.

Kwa hiyo 3.1, si 5.1 yenye spika za nyuma wala 2.0, ndiyo inayoelekea kufaa sebule ya kawaida ya huko, na sabufa iwe na uwezo wa kupunguzwa peke yake kwa rimoti. Kipengele hicho cha mwisho ndicho cha kuulizia kwanza. Mchana wa Jumapili kwaya inapewa mdundo wake. Usiku mdundo unashushwa mpaka sifuri na maneno yanabaki.

Jaribio la dukani ni rahisi, ila lisiwe la wimbo ambao muuzaji ameuandaa. Ukanda huu una kipimo kikali kuliko maabara: sauti mbili kwa wakati mmoja. Ni desturi iliyolelewa na filamu zilizosimuliwa, tangu Lufufu wa Tanzania, hadi DJ Afro wa Kenya na VJ Jingo wa Kampala, ambapo msimulizi anazungumza juu ya waigizaji. Ni desturi ya mahubiri pia, mhubiri akisema Kifaransa na mkalimani akimfuata kwa Kiswahili kabla hajamaliza. Chombo kinachozitenganisha sauti hizo mbili kwa sauti ya chini kimefaulu. Rekodi nyingi za namna hiyo zimechanganywa kwenye chaneli mbili tu, kwa hiyo ni muhimu kusikia kama ile spika ya katikati inaamka au inakaa kimya. Filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyotiwa sauti kwa lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo, inafaa vilevile: ina umati, ina upepo, na ina mtu mmoja anayesema polepole katikati ya umati huo. Flashi moja inatosha.

Halafu sola, kwa nyumba inayoutegemea umeme wake. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Kama ni ya asidi, haifai kushushwa chini ya nusu, basi zinabaki 600. Televisheni ya inchi 32 hula wati 40 hivi, na saundibaa ya wastani kwa sauti ya kawaida 15 hadi 20. Ibada ya saa tatu inamaliza wati-saa 165 hadi 180, kabla ya kuhesabu upotevu wa inveta. Saundibaa yenye adapta ya volti 12 inaweza kuunganishwa na betri kupitia kidhibiti cha volti, bila inveta.

Kilichobaki ni mahali pa kuiweka, na hapa sebule zetu zina adui wa siri: kile kitambaa cheupe cha kufuma kinachofunika stendi ya televisheni, pindo zake zikining'inia mbele. Vitobo vyake ni vidogo, na nyuzi nene humeza sauti za juu, yaani zilezile s na t ambazo mnunuzi amezilipia. Saundibaa isukumwe hadi ukingoni mwa meza, uso wake wazi, na kitambaa kipandishwe juu ya televisheni.